Nyiragongo, mlima wa watu wengi

Kwetu Kabambare, mkoani Maniema nchini Kongo, milima ni mifupi, lakini kila mmoja una wenyewe. Babu yangu hakuthubutu kukata mti juu ya kilima kilichokuwa nyuma ya kijiji chetu, upande wa mto Luama, na sisi wajukuu tulikatazwa kutega hata panya huko. Mvua ilipochelewa, wazee walipanda na unga, wakakaa juu mpaka jua kushuka, kisha wakarudi bila kusema walichokifanya. Kwa hiyo nilipofika Goma mwaka 2000, nikikimbia vita kwa njia ya Salamabila, Fizi na Uvira, na kulipopambazuka nikauona mlima mpana uliokatwa kichwa ukiwa umekaa juu ya mji, jambo la kwanza nililotaka kujua ni mlima ule ni wa nani.

Aliyenijibu alikuwa mzee Mkumu, jirani yangu, mtu wa usultani wa Bukumu uliozunguka miguu ya mlima. Aliniambia Nyiragongo ni wa wafu. Waliowahi kuingizwa katika ibada ya Ryangombe, wakifa, huenda kupumzika Karisimbi, mlima mrefu wenye mita 4507, kule kwenye baridi. Wengine hutupwa ndani ya moto wa Nyiragongo. Imani hiyo imeenea pande zote mbili za mpaka, kwetu na Rwanda. Nikamuuliza kama yeye aliwahi kupanda. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kulala kaburini. “Mwalimu,” akasema, “kule hakuendwi kutembea.”

Wazungu walikuwa wamekwenda kutembea zamani. Mjerumani von Götzen alifika kileleni mwaka 1894. Mwaka 1925 Wabelgiji wakaanzisha parki waliyoiita kwa jina la mfalme wao Albert, ambayo leo ni Virunga, na baadaye mlima ukaingia ndani ya mipaka yake. Haroun Tazieff aliliona ziwa la lava mwaka 1948, akarudi mara kwa mara kulichunguza. Mzee wangu alikuwa na habari za hao wote. Ila yeye alihesabu miaka kwa njia nyingine: mwaka wake mkubwa ulikuwa 1977, tarehe 10 Januari, siku mlima ulipopasuka ubavuni na ziwa lote la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ile ilikuwa nyepesi, ikakimbia kuliko watu.

Nami nikapata mwaka wangu. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilifunguka kuanzia Shaheru, kreta ya kale iliyo ubavuni mwa mlima, ikaendelea kufunguka kuteremka hadi karibu na mji. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikabomoa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwa Kivu. Tulikimbilia Gisenyi kwa miguu, mamia ya maelfu ya watu, na magodoro kichwani. Niliporudi, nyumba niliyopanga ilikuwa chini ya mawe. Kwenye barabara za katikati ya mji, orofa ya chini ya majengo mengine ilikuwa imezikwa, na watu wakawa wanaingilia madirisha ya juu. Wengi wetu tulijenga tena palepale, kwa mbao, juu ya jiwe ambalo bado lilikuwa na joto. Wageni walituita wakaidi. Lakini mtu aliyekwisha kukimbia vita kutoka Maniema atahamia wapi tena?

Baada ya hapo ndipo mlima ulipobadilika kwetu. Ziwa la moto lilirudi ndani ya kreta, na kila usiku usio na mawingu tuliona mwanga mwekundu juu ya mji. Parki ikajenga vibanda kileleni, na vijana wa Kibati, njia ya kupandia inapoanzia, ambao baba zao walikatazwa hata kuukaribia mlima wakawa wapagazi. Kibali cha mgeni kilifika dola 300. Mlima wa wafu ukaanza kulipa karo za watoto, na kwa hilo nafurahi mpaka leo.

Mimi nilikuwa nikiwafundisha Kiswahili wageni wa mashirika, na wanafunzi wangu ndio walionilipia kupanda, miaka michache baada ya njia kufunguliwa tena mwaka 2014. Tuliondoka Kibati asubuhi, mlinzi wa parki mmoja mbele na mwingine nyuma, wote na bunduki. Mwanzo ni msitu. Kisha unaingia kwenye lava ya 2002, mawe mepesi yanayoviringika chini ya kiatu, na wapagazi waliovaa buti za mpira wanakupita wakiwa na magunia ya makala kichwani. Juu kabisa hakuna mti, ni mwinuko mtupu na upepo. Kilele kina mita 3470, na baridi yake kwa mtu wa Kabambare ni adhabu.

Giza lilipoingia tulisogea ukingoni. Kreta ina upana wa zaidi ya kilomita moja, na chini kabisa ziwa lilikuwa likisogea. Juu yake palikuwa na ngozi nyeusi iliyopasuka kila dakika kama ukoko wa bugali, na katika nyufa mlikuwa na wekundu wa kuumiza macho. Sauti yake ilikuwa ya mawimbi ya ziwa Kivu siku ya upepo. Wageni walipiga picha. Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja wa Goma, mpishi wa shirika fulani, ambaye nyumba yake iliungua 2002. Yeye alipiga magoti kwenye mawe, akasali kwa sauti, kwa Kiswahili, akiwaombea watoto wake kwa majina, mmoja mmoja. Mlinzi wa parki akavua kofia. Nilimkumbuka babu na unga wake, nikaona kwamba kati ya sisi wote mama yule ndiye aliyejua amepanda mlima kufanya nini.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Mei 2018 mlinzi mmoja wa parki aliuawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa. Parki ikafungwa hadi Februari 2019. Machi 2020 ikafungwa tena kwa ajili ya korona. Mwaka huohuo msaada wa Benki ya Dunia kwa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma ulimalizika. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka bila tahadhari yoyote kutufikia, lava ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji, na ziwa nililoliona likawa limemwagika. Halafu vita. Kanyaruchinya, chini ya mlima, pakajaa mahema ya wakimbizi, na Januari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Goma.

Nina mpwa Kabambare ambaye ananipigia simu kuuliza habari za Nyiragongo kuliko anavyouliza habari zangu. Anataka kusoma jiolojia. Kwake mlima si wa wafu wala si wa watalii: ni kitu cha kupimwa, na kwa kuwa niliukimbia mlima mara mbili bila mtu kuniambia mapema, nadhani yeye ndiye anayeuhitaji kuliko sisi sote. Njia ya Kibati itakapofunguliwa, naomba parki iwawekee wanafunzi wa Kongo siku zao, bila dola, wapande na vipimo vyao. Na wanaotaka kupiga magoti ukingoni waachiwe nafasi yao.