Kopo la mjomba na machungwa ya Korogwe

Jumamosi nilikwenda Handeni kumsalimia mjomba wangu, mvutaji sigara tangu ujanani. Nikamkuta na kopo la vidonge vya beta-karotini. Kauza mbuzi kulipata!

"Mjomba," akaniambia, "hivi vina antioksidanti. Vinasafisha mapafu, sasa navuta bila wasiwasi."

Jamani, nilishindwa kunyamaza.

Ni kweli, mwili wenyewe hutengeneza chembe haribifu kila siku, na moshi wa sigara huziongeza. Antioksidanti huzituliza kabla hazijaumiza seli. Lakini Finland walishajaribu vidonge hivyo kwa wanaume wavutaji zaidi ya 29,000. Matokeo yalitangazwa 1994: waliopewa beta-karotini waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Dawa iliyotarajiwa kuwakinga iliwaongezea hatari.

Chakula ni habari nyingine. Chungwa, mchicha au boga huzileta kwa kiasi, pamoja na virutubisho vingine. Hata hivyo, hakuna tunda linalofuta moshi.

Mjomba akaligeuza kopo mkononi. "Kwa hiyo mbuzi wangu kaenda bure?"

Sikuwa na jibu.

Kesho yake nilishuka Korogwe kubadilisha basi. Vijana wa machungwa wakanizunguka. Nikanunua mfuko mmoja, nikampa kondakta anayerudi Handeni amfikishie mzee. Halafu nikampigia simu: machungwa yanakuja, vidonge acha. Sigara je?

Akacheka tu. Wasomaji wangu, bado nasubiri jibu.