Mghange: Baridi ya uhakika kwa wenye miguu

Likizo ikikaribia mjadala katika nyumba nyingi za mjini huwa ni ule ule. Watoto wanataka Mombasa wakaogelee, baba anataka mashambani kwa sababu huko hakuna kulipia chumba, naye mama anataka tu mahali atakapolala bila kusikia honi za matatu. Iwapo nyumba yako ni mojawapo ya hizo, na iwapo nyote mna miguu inayoweza kupanda mlima, ukurasa wa leo unakupendekezea mahali ambapo pengine hamkupafikiria: Mghange, juu katika vilima vya Taita.

Kabla ya kufunga mkoba, hebu tuazime busara kidogo kutoka Ulaya. Huko, mtu anayejifunza kuteleza kwenye theluji huenda popote penye mwalimu na mteremko mpole. Lakini yule aliyekwisha kuujua mchezo huo huuliza maswali matatu kabla ya kulipa hata senti. Je, nikifika nitaikuta theluji? Je, kuna utulivu, au nitashinda kwenye foleni? Na je, miteremko yenyewe itanitosha? Ndiyo sababu wengine huipita miji yenye majina makubwa wakaenda hadi vijiji kama Obergurgl nchini Austria, kilicho mwisho kabisa wa bonde lake, mita 1,930 juu ya bahari. Wanajua kwamba palipo juu theluji huwahi kuanguka na huchelewa kuyeyuka.

Usidhani mambo hayo ni ya Wazungu peke yao. Philip Boit, mkimbiaji wetu aliyevalishwa vibao vya kutelezea, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, naye akashuka milima ya Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018. Lakini sisi wengine, ambao nauli ya Ulaya hatuioni hata ndotoni, tunaweza kuuliza maswali yale yale matatu, ila tuweke neno baridi mahali pa theluji.

Tuanze na uhakika wa baridi. Kanuni ni rahisi: kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Mji wa Voi uko karibu mita 600 juu ya bahari, na jua lake unalijua iwapo uliwahi kushuka pale kununua maji basi likiwa safarini. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika vilima vya Taita, kina mita 2,208, na kiko upande huo huo wa Mghange. Piga hesabu mwenyewe: kutoka Voi hadi kileleni ni tofauti ya mita 1,600, yaani karibu nyuzi 10 za joto ulizoziacha chini kwa safari ya asubuhi moja. Theluji haianguki huko, tusidanganyane. Lakini mwezi wa Julai, ukungu ukishuka jioni na upepo wa kusini-mashariki ukipiga, mtoto wa Likoni au Changamwe atalitafuta sweta bila kuambiwa na mtu.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Hoteli kubwa zinazobeba jina la Taita Hills haziko vilimani. Ziko chini nyikani, katika hifadhi ya binafsi ya wanyama, njia ya kwenda Taveta. Ni mahali pazuri pa kumtazama ndovu akinywa maji, na sina neno dhidi yake. Ila anayelipia chumba huko akitarajia ukungu na blanketi mbili atalala madirisha yakiwa wazi akijipepea.

Ukishaamua kupanda, bado una la kuchagua. Wundanyi, iliyokuwa makao makuu ya wilaya tangu enzi za mkoloni, ina soko, maduka, vyumba vya wageni na magari ya mara kwa mara, na juu yake kuna hospitali ya Wesu. Mwenye watoto wadogo, au nyanya ambaye magoti yamemchoka, na akae hapo bila kuona haya. Werugha inamfaa anayependa misitu, kwa kuwa Ngangao haiko mbali. Lakini aliyekuja kwa ajili ya kimya na miinuko, ushauri wangu ni asogee mbele zaidi hadi Mghange. Huko ukuta wa vilima unakatika ghafla upande wa magharibi, na miguuni pako unaiona nyika ya Tsavo ikienda hadi macho yanapochoka. Mashamba yamekwea mteremko kwa matuta kama ngazi, na sauti utakazozisikia ni za jembe, jogoo na watoto watokao shuleni. (Taja jina kamili unapouliza njia. Kuna Mghange Dawida na kuna Mghange Nyika, na baadhi ya ramani huandika Mgange bila ile herufi h.)

Na theluji je? Naam, ipo, ya kutazama kwa macho. Kutoka Vuria hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni kilomita 100 na ushei kwa mruko wa ndege. Alfajiri isiyo na mawingu mlima huo hujitokeza magharibi, mweupe utosini. Mwezi wa Januari na Februari, au asubuhi inayofuata mvua kubwa, bahati huwa karibu zaidi. Ifikapo saa tatu aghalabu mawingu yamekwisha kuufunika, kwa hivyo anayelala hadi chai iwe tayari asije akalaumu vilima.

Tena theluji hiyo ina historia inayopitia papa hapa Taita. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann alitoka Rabai, akapita Bura chini ya vilima hivi akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya mlima. Alipouliza ni kitu gani, mwongozaji wake hakuwa na jina la kitu hicho. Alichoweza kusema ni kwamba ni baridi. Habari ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amelikanyaga bara hili, aliikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Ilichukua miaka mingi kabla ya wakubwa wa London kukubali jambo ambalo yeyote aliyeamka mapema katika vilima hivi angaliweza kuwaonyesha kwa kidole.

Waonyeshe watoto wako mapema. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na iliyobaki inapungua. Babu aliyezaliwa Mghange na mjukuu wake wa leo hawautazami mlima ule ule.

Sasa tuje kwenye miguu. Niliposema wenye miguu sikusema kwa mzaha. Kipimo changu ni hiki: iwapo unaweza kuvipita vilima vya Ngong kutoka mwanzo hadi mwisho na kesho yake ukaenda kazini, utaweza Mghange. Njia za huko ni za wenyeji wanaokwenda shambani, nazo hazizunguki mlima kumhurumia mgeni. Zinapanda moja kwa moja. Mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni, na hapo ndipo mjini anapojifunza skii ya Kitaita bila kulipa. Vaa viatu vyenye meno. Kupanda Vuria kuna njia ya magari inayofika kwenye milingoti ya mawasiliano kileleni, kwa hivyo si rahisi kupotea mchana, lakini ukungu ukikufunika simama hadi utawanyike. Kuna magenge huko, na ukungu hauyaonyeshi.

Mtafute kijana wa hapo hapo awe mwongozaji, na mpatane malipo kabla ya kuondoka. Si kwa ajili ya njia tu. Wataita wa zamani walikuwa na desturi ya kuyahifadhi mafuvu ya wazee wao mapangoni na chini ya miamba, na baadhi ya mahali hapo pangalipo na panaheshimiwa. Mgeni hapaingii hadi awe amewaomba wazee, na hata akiruhusiwa hagusi kitu wala hapigi picha ya kucheka nayo. Ukikutana na mzee njiani, msalimu kwanza, tena bila haraka, kabla ya kuuliza chochote.

Anayebaki siku mbili au tatu asikose msitu wa Ngangao. Ni takriban hekta 120 tu, na ndivyo ilivyo misitu ya asili ya Taita: vipande vipande vilivyobaki juu ya vilele baada ya kilimo na miti ya kupandwa, mikaratusi na misonobari, kuchukua kwingine. Vilima hivi ni ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, ile inayoshuka kupitia Usambara hadi Udzungwa nchini Tanzania, na vimejitenga na milima mingine kwa muda mrefu hivi kwamba vina viumbe vyao wenyewe. Apalisi wa Taita, kindege kidogo chenye mkia mrefu, haishi penginepo duniani, na wataalamu wamemweka katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Tembea kimya na uache redio nyumbani. Nasema hivi nikijua kwamba ukurasa kama huu unaweza kuleta watu, na watu huleta kelele. Lakini msitu huo ndio unaoukamata ukungu na kuulisha mito inayoshuka kwenye mashamba, na ukiisha, hata ile baridi niliyokuahidi haitakuwa ile ile. Ni afadhali uonwe na watu wenye adabu kuliko usahauliwe hadi mashoka yaumalize.

Kufika si taabu. Panda treni inayosimama vituoni au basi la Nairobi au Mombasa hadi Voi, kisha matatu kupitia Mwatate hadi Wundanyi, ambako utauliza gari la kwenda Mghange. Iko pia njia inayopanda kutoka Bura kwa kona nyingi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, uliza hali ya barabara kabla ya kupanda gari. Mghange si mji wa hoteli, kwa hivyo panga malazi kabla ya kusafiri, ama ulale Wundanyi na kuondoka alfajiri. Beba pesa taslimu, tochi, koti la mvua na soksi za kutosha. Chandarua pia, iwapo utalala Voi, kwa kuwa huko chini mbu hawana likizo. Ukikaribishwa kimanga, ule mseto uliopondwa wa mihogo na maharagwe, usiseme umeshiba.

Na siku ya kurudi ondokeni mapema. Mboga za vilima hivi huliwa hadi Mombasa, na asubuhi gari linaloteremka huenda likawa limejaa kabichi juu na chini kabla abiria hajapata pa kukaa.