Watu Tisini na Wanane

Coventry, Uingereza, Jumanne, 10 Januari 2023

Meseji ya kliniki leo haikuwa ya chanjo. Daktari ananialika kwenye utafiti wa presha. Wagonjwa watagawanywa makundi mawili: wengine watapewa mashine wajipime nyumbani na kutuma vipimo kwa simu, wengine wataendelea kupimwa kliniki kama kawaida, kwa mwaka mzima. Watafiti hawana jina langu. Kliniki ndiyo iliyopekua orodha ya wagonjwa wake ikatuma mialiko, na nisipojibu habari inaishia hapo. Hilo limenituliza kabla sijasoma mengine.

Alhamisi, 12 Januari

Shangazi kapiga simu kutoka Tanga. "Mwanangu, umekwenda huko kutunza wazee, hukwenda kujaribiwa na wazungu." Sikumbishia, maana hofu yake ina historia. Kule Tuskegee, Alabama, tangu 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa ugonjwa uwale huku madaktari wakiandika, na hata penisilini ilipokwisha kuwa tiba inayojulikana hawakupewa. Walidanganywa kwamba wanatibiwa.

Nilimkumbusha Korogwe, mkoani kwetu. Kina mama wa pale walikubali watoto wao waingie kwenye majaribio ya chanjo ya malaria, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo hiyo kwa watoto wa Afrika. Akakaa kimya kidogo. "Haya. Lakini usitie saini mpaka umeisoma karatasi yote."

Jumapili, 15 Januari

Nimeisoma yote, nikaendelea na mengine hadi usiku. Kuna utafiti mmoja mkubwa wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, uliochapishwa Oktoba iliyopita. Swali lake nililitaka sana mimi ninayefanya zamu za usiku: dawa ya presha inywewe asubuhi au jioni? Walishiriki watu 21,104, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Jibu: kwa mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vitokanavyo na maradhi hayo, hakuna tofauti. Kunywa saa inayokufaa.

Nilifurahi. Kisha nikafika kwenye mstari unaoeleza washiriki walikuwa kina nani. Weusi, Waafrika na Wakaribi kwa pamoja: 98.

Watu tisini na wanane kati ya elfu ishirini na moja na ushei! Mabasi mawili yanatosha kuwabeba wote. Na presha ndiyo inayotuumiza sisi zaidi, hutuanza mapema na kutupeleka kwenye kiharusi. Jibu lile huenda ni kweli kwangu pia, na mimi nitalifuata, lakini kwa idadi hiyo hakuna mtaalamu awezaye kulipima kwetu peke yetu. Tunakunywa dawa kwa kuazima majibu ya watu wengine.

Nikatafuta utafiti wa kwetu, nikaupata uitwao CREOLE, wa mwaka 2019: wagonjwa weusi 728 kutoka nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Walilinganisha dawa zinazotolewa mbilimbili, na jozi zenye amlodipini zilishusha presha kuliko jozi isiyo nayo. Amlodipini ndiyo iliyo kabatini mwangu. Kuna mtu kule Kenya au Uganda aliyekubali kupimwa na kupimwa tena ili nami ninywe kidonge hiki kwa uhakika zaidi. Simjui, lakini nina deni kwake.

Jumatano, 25 Januari

Nimetia saini. Nesi hakuwa na haraka. Aliniambia naweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na matibabu yangu yasiguswe, na kwamba vipimo vyangu vitakwenda kwa watafiti vikiwa na namba mahali pa jina. Kisha kompyuta ikachagua kundi, wala yeye hana uwezo wa kulibadilisha. Nimeangukia kundi la kawaida. Hakuna mashine.

Nilivunjika moyo, naye akaliona. "Bila ninyi," akasema, "hao wenye mashine tutawalinganisha na nani?" Nimelifikiria njiani na naona yuko sahihi. Presha ya watu inaweza kushuka kwa kuwa tu wanajua wanaangaliwa, au kwa kuwa kiangazi kimefika. Asiyepewa kitu kipya ndiye anayeonyesha kama hicho kipya kimefanya kazi.

Ijumaa, 10 Februari

Mama Furaha, jirani yangu kutoka Bukavu, Kongo, ni wa kliniki yetu na presha yake ni kali kuliko yangu. Meseji aliipata. Ilikuwa ya Kiingereza, akadhani anadaiwa, akaifuta. Akienda kwa daktari hupewa mkalimani kwa simu, lakini karatasi za utafiti zipo kwa Kiingereza tu. Husemwa kwamba watu weusi hawapendi utafiti. Mama Furaha hakukataa kitu. Hakuulizwa kwa lugha anayoielewa. Nimewaandikia watafiti nikiomba karatasi ya Kiswahili, na nimeeleza kwa nini.

Alhamisi, 9 Machi

Watafiti wamejibu: wanaomba fedha za tafsiri, na mkalimani ataruhusiwa siku ya kutia saini. Leo nimekaa na Mama Furaha jikoni kwake tukapitia karatasi mstari kwa mstari. Nimemwambia wazi kwamba mimi namsomea tu. Kukubali au kukataa ni kwake. Mambo ya namba na makundi ameyashika upesi kuliko mimi. Kisha akauliza swali ambalo karatasi haikulijibu:

"Dada, na kama banaona kitu mubaya mu mwili yangu, batanielezea mimi, ao batajiandikia tu?"

Nimeliandika kama alivyolisema. Jumatatu nalipeleka kwa nesi.