Sukari ya Ami

Duka la ami halikufika hatua ishirini kutoka mlangoni petu, hapo Wete, Pemba, lakini sukari tukiifuata ng'ambo ya soko. Baba CUF, nduguye CCM. Tangu uchaguzi wa 1995 walikuwa hawaalikani harusini wala hawajuliani hali. Bibi alipofariki, ami alisimama upande wa pili wa kaburi, akatia konzi zake tatu za mchanga, akaondoka. Hitima hakuila.

Januari 27, 2001 nilikuwa na miaka 10. Watu walimiminika kutoka vijijini kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe, zikapigwa risasi. Tume ya Brigedia Hashim Mbita ilihesabu waliokufa Unguja na Pemba kuwa 31. Watetezi wa haki za binadamu walitaja zaidi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, kaka yangu akiwamo, ndani ya mashua ya wavuvi. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikatoa wake. Baada ya hapo kususiana kulikaza hata ami akakosa wa kumuuzia samaki.

Oktoba mwaka huohuo vyama vikatia saini muafaka, wa pili huo baada ya ule wa 1999. Kwetu haukubadilisha kitu. Karatasi ya wakubwa ilibaki kwa wakubwa.

Novemba 2009 Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa CUF wakakutana Ikulu. Baba alisikiliza redio mpaka mwisho, akaizima.

"Nenda kanunue sukari kwa ami yako. Kilo mbili."

Ami alipima, akapokea pesa, akanirudishia chenji kamili bila neno. Julai 2010 tukaulizwa kwa kura kama tunataka serikali ya umoja, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Naamini maridhiano haya yalidumu dukani kwa sababu safari hii tuliulizwa.

Oktoba 28, 2015 uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa. Machi 2016 ukarudiwa, CUF ikasusa. Haukupita muda, watoto wa mtaani kwetu wakaanza tena kutumwa ng'ambo ya soko. Baba, mkongojo mkononi, akaenda mwenyewe kwa nduguye mchana kweupe. Barazani alisemwa sana, na chama hakuhama.

Siku hizi duka analo mtoto wa ami. Baba hukopa hapo, na deni lake la sukari limefika shilingi 18,000.