Mama wa Saba

Nilifika Lushoto mwaka 1983 nikitokea Chuo cha Misitu Olmotonyi, nikiwa na cheti, koti la mvua na imani kwamba kila mti huanzia kwenye mbegu. Mkulo ndio ulioniondolea imani hiyo.

Huu ni mti ambao jina lake la kitaalamu, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima yetu. Hupita mita 30 kwenda juu, na fundi akiupiga randa chumba kizima hunukia kafuri. Mbao zake hazina haraka ya kuoza, na ndiyo maana ulivunwa bila huruma. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa wamekwisha kutandika waya wa kuteremshia magogo ya mwangati kutoka Shume hadi Mkumbara, kule reli inakopita. Baada ya mwangati msumeno ukaugeukia mkulo, na haukuuacha kwa miaka mingi. Nilipoanza kazi, mikulo mikubwa ilikuwa imebaki mahali ambapo gogo halitoki kwa urahisi, kwenye makorongo ya Magamba na kule Shagayu.

Kazi yangu ilikuwa kitaluni: miche ya misindano, misanduku, migrevilea, na ile ya asili kadiri tulivyoweza. Miche ya asili ndiyo niliyoipenda, na mkulo ndio niliouanza kwa bidii zote. Mkulo hukaa miaka mingi bila kuzaa vizuri. Ukizaa, wadudu huyawahi matunda yangali machanga, yakavimba na kuharibika mtini. Nilikuwa naokota matunda chini ya mti, nakaa kwenye gogo, nayapasua moja moja kwa ukucha. Vumbi. Vumbi. Vumbi. Na ile mbegu nzima uliyojaliwa kuipata haikubali kuwekwa akiba, ikikauka imekufa. Huwezi kuitia koponi ukasubiri masika. Mwaka wa kwanza nilisia tuta zima, ikaota miche ambayo ningeweza kuibeba yote kwenye sinia moja.

Mnyapara wa kitalu alikuwa mzee wa Kisambaa aliyeanza kazi enzi za Mwingereza. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, nami sikupata kumwita kwa jina. Alinipeleka msituni kutafuta maotea. Tuliona miche mingi mizuri ya mkulo imetapakaa kuzunguka kisiki cha zamani, kimo cha magoti, nikafurahi. Akaniambia nichimbue mmoja. Nikachimba kwa sululu ndogo, nikashuka, nikashuka, na chini sikukuta mizizi ya mche. Nilikuta mzizi wa zamani mnene kama mkono wangu, na ule "mche" umechomoza juu yake kama kidole. Mwingine vilevile. Msitu ule wote mdogo ulikuwa mti mmoja uliokatwa, unaokataa kufa.

"Huu hauzai kwa tunda, mwanangu," alisema. "Huu hujirudia."

Neno lile ndilo lililoniongoza miaka thelathini na mbili iliyofuata. Kama mti wenyewe msituni hujirudia kwa machipukizi, kitaluni nao ungeweza kujirudia kwa kipandikizi.

Nilianza kama ambavyo mkulima yeyote angeanza, kama mihogo. Nilikata vijiti vinene, nikavichomeka kwenye tuta, nikamwagilia. Wiki ya tatu vilichipua majani, nikawaita kina mama wa kitalu waje waone. Wiki ya sita vyote vilikuwa vimekauka. Nilipoving'oa sikuona hata uzi mmoja wa mzizi. Kijiti hubeba akiba yake ndani, akiba ile huisukuma kwenye majani, na majani yale yakianza kunywa hakuna wa kuyaletea maji. Nimewaona maofisa wengi wakipiga picha vijiti vilivyochipua na kuondoka wakidhani vimeota.

Dawa ya ugonjwa huo tuliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ilitufikia kama mchoro wa karatasi. Roger Leakey na wenzake kule Edinburgh walikuwa wamebuni sanduku la kuoteshea vipandikizi vya miti ya nchi za joto, lisilohitaji umeme wala bomba. Kwetu sisi hilo ndilo lililokuwa neno. Vituo vikubwa vilikuwa na mitambo ya kunyunyiza ukungu wa maji. Sisi tulikuwa na kijito, na wakati wa kiangazi hata hicho hukonda. Seremala alitupigia fremu ya mbao. Tukaitandika nailoni nzito chini, tukapanga mawe makubwa, juu yake kokoto, kisha changarawe, mwisho mchanga wa mtoni uliooshwa hadi maji yake yawe meupe. Kwenye kona tulisimamisha kipande cha mwanzi cha kutilia na kupimia maji, yasifike kwenye mchanga bali yakae chini yake tu. Juu tukafunika nailoni nyepesi, tukaizungushia vizuri isipitishe upepo. Maji hupanda, hugeuka mvuke, hugonga nailoni, hurudi yakidondoka. Ndani hakuna kiu.

Nieleze namna kipandikizi kinavyokatwa, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Unakwenda kwa mti mama alfajiri, kabla jua halijagusa majani. Hukati tawi la juu la mti mzee. Hilo limekwisha kuzeeka, halina hamu ya mizizi. Unakata chipukizi la kisikini au la mzizini, changa, lililosimama wima. Wima ni sharti la miti mingi, na mimi nililijua tangu utotoni kwenye mikahawa ya baba yangu: chukua tawi la pembeni la mkahawa, litatoa mizizi, kisha litalala maisha yake yote likitambaa kama linalotafuta kitu chini. Tawi hukumbuka lilikokuwa.

Chipukizi unalitia kwenye gunia bichi na kulipeleka kivulini bila kuchelewa. Mkasi lazima uwe mkali, kwa sababu mkasi butu hausagi gome tu, huacha mlango wa ukungu. Unakata pingili yenye jani moja na jicho lake. Jani ukiliacha zima na pana, litapoteza maji kuliko linavyoweza kupata. Ukiling'oa, kipandikizi kitakufa njaa, kwa sababu jani ndilo jiko lake; hakina chakula kingine cha kutengenezea mizizi. Kwa hiyo unalipunguza. Kipimo tulichozoea ni karata moja ya kuchezea. Kina mama walikuwa na karata iliyochakaa, ya shupaza, waliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni, na kila msichana mpya alikabidhiwa ile kwanza kabla ya mkasi. Kisha ncha ya chini unaigusisha kwenye unga wa homoni ya mizizi, unaukung'uta uliozidi, unatoboa mchanga kwa kijiti, unachomeka, unabana kwa vidole viwili. Wakati wote huo mikono inanuka kafuri.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja huko si kukaa. Kila asubuhi unafunua upande mmoja, unanyunyizia haraka, unaokota jani lililoanguka kabla halijaozesha jirani yake, unafunika. Kipandikizi kilichodondosha jani tulikihesabu marehemu, hata kama kijiti kilikuwa bado kibichi. Juni na Julai, Lushoto inapokuwa na baridi ya kuuma mifupa, sanduku hulala tu, hakuna linalotokea kwa wiki nyingi.

Siku ya kwanza kuona mzizi nilikuwa na yule mzee. Ilikuwa wiki ya tisa. Alishika kipandikizi shingoni akakivuta kidogo sana, nacho kikakataa. Akaniangalia. Nikachimbua mchanga pembeni kwa kijiko. Kwenye kikato palikuwa na uvimbe mweupe, kama punje ya mchele iliyopasuka kwa kuiva, na ubavuni mwake mzizi mmoja mnene, mweupe, mfupi kuliko ukucha, wenye ncha inayong'aa. Tulikifukia tena haraka kama watu waliofungua mlango wa chumba cha mzazi. Mzee alinawa mikono, akaenda kukaa chini ya mgrevilea, na kwa muda mrefu hakusema kitu.

Makosa nayo yalikuwapo. Mchana mmoja wa Februari kibarua mgeni alitoa neti ya kivuli ili aishone palipochanika, nami nilikuwa nimeshuka Soni kufuata viriba. Niliporudi saa tisa sanduku lilikuwa tanuri. Majani yalikuwa na rangi ya chai. Sikumlaumu, kwa sababu nilikuwa sijapata kumwambia yeyote kwamba nailoni bila kivuli hupika.

Lakini kosa kubwa lilikuwa langu, na lilikuja katikati ya mafanikio. Tulikuwa na mti mama mmoja karibu na njia, kisiki kilichochipua kwa wingi, ambacho vipandikizi vyake vilitoa mizizi kama vile vimeamriwa. Kila tulipohitaji miche tulikwenda pale. Ofisi ilitaka hesabu. Kila Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ilipokaribia iliuliza miche mingapi, wala haikupata kuuliza ya mama wangapi. Nami nilijibu kwa idadi. Viriba vilijaa uwanja, mkulo baada ya mkulo, kimo kimoja, kijani kimoja, na nilikuwa nikivitazama kwa fahari. Yule mzee, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na akipita tu kusalimia, alitembea kati ya safu zile taratibu na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ni ya kisiki kile cha njiani?"

"Ndiyo mzee. Yote mia nne."

"Basi umepanda mti mmoja mara mia nne."

Nilijua anasema nini, maana wote wawili tulikuwapo wakati wa vidukari. Walionekana Malawi mwaka 1986, mwaka 1988 wakawa wameingia Tanzania, na kwenye mashamba ya misanduku hawakukuta kizuizi: mti mmoja baada ya mwingine ulibadilika rangi kuanzia ndani ya matawi, ukawa kahawia, ukafunikwa masizi. Na ile misanduku angalau ilitokana na mbegu, kila mmoja na sura yake kidogo. Ya kwangu ilikuwa pacha mia nne. Baadaye ilipokuja mikaratusi chotara kutoka Afrika Kusini, inayozalishwa kwa vipandikizi tupu, na nyuma yake yule nyigu mdogo kuliko punje ya ufuta anayevimbisha majani na vikonyo, baadhi ya aina ziliumia vibaya na nyingine zikastahimili. Waliokuwa wamepanda aina moja iliyopendwa na nyigu walilipa. Sishangai watu kuvutiwa na kipandikizi. Kinakupa mti uleule ulioupenda. Hiyo ndiyo hatari yake pia.

Kuanzia hapo tulitoka kutafuta mama. Kila msimu wa mvua fupi nilikwenda na kijana mmoja Shagayu, Magamba, hadi mabonde ya upande wa Mazumbai, tukakata machipukizi kwenye visiki vilivyo mbalimbali, tukarudi usiku na magunia mabichi mgongoni. Kila mama alipewa namba iliyogongwa kwa msumari kwenye kipande cha kopo la maziwa, miche yake ikabeba namba hiyohiyo, na daftari likaandikwa: wapi, mteremko upi, machipukizi mangapi, yaliyotoa mizizi mangapi. Tulikusanya mama kumi na tisa. Wengine walikuwa wepesi. Mama wa saba alikuwa kisiki cheusi kilichoungua zamani, ukingoni mwa korongo la Shagayu, na vipandikizi vyake vilidondosha majani mwaka wa kwanza, vikadondosha mwaka wa pili. Mkuu wangu aliniambia nimwache. Sanduku lina nafasi chache, tujaze wale wanaokubali. Nilimsikiliza kwa adabu, na kila msimu nikambakizia mama wa saba mstari mmoja pembeni. Mwaka wa nne vilitoka vipandikizi kumi na kimoja vyenye mizizi. Nilivihamishia kwenye viriba mwenyewe, nikavizoesha hewa ya nje polepole, saa moja, saa mbili, nusu siku.

Nilistaafu mwaka 2015. Mwaka jana mama mmoja wa upande wa Mlalo alimtuma mwanawe aniite. Shambani kwake, juu ya mahindi, ana mikulo sita tuliyompa miaka ile, sasa imepita paa la nyumba. Alinipeleka hatua tano mbali na mti wa mwisho, mahali alipokuwa akilima wiki chache kabla. Jembe lilikuwa limeukata mzizi, na kando ya kidonda chipukizi lilikuwa limechomoza, kiganja kimoja juu ya udongo, limesimama wima, na majani mekundu machanga.

"Bwana Miti," aliniuliza, "niung'oe huu au niuache?"

Nilipiga goti, nikavunja pembe ya jani moja, nikanusa. Kisha nikarudi kwenye mti, nikapapasa shinani chini ya kuvumwani hadi kidole kikagusa bati. Lilikuwa limeliwa na kutu, lakini matundu ya msumari bado yalisomeka. Saba.