Mpanda, chumba cha giza na ua lisilodeka

Itaje Mpanda mbele ya mtoto wa Dar uone atakavyokunja uso. Eti mwisho wa reli! Eti huko hupelekwa wasio na wa kuwatetea! Reli kweli inaishia pale, mkoloni aliivuta kutoka Kaliua akifuata madini ya risasi. Lakini tangu mwaka 2012 Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, na mji umechangamka kuliko unavyodhani.

Mimi nilikwenda kwa basi kutoka Tabora, kumsalimia mdogo wangu aliyepangiwa kufundisha huko. Ilikuwa Septemba, kiangazi kimekomaa. Njia nzima ni miombo tu, kulia na kushoto, na cha kushangaza miti ilikuwa inachipua majani mekundu wakati mvua ni mpaka Novemba. Miti ya kule inajua kujiwekea akiba, bwana!

Mdogo wangu amepanga chumba kimoja, dirisha dogo, nje ukuta wa jirani. Ana miezi minane pale, lakini nguo bado zimo kwenye sanduku uvunguni. Ukutani hakuna hata kalenda. Juu ya meza tu, kwenye kopo la rangi, kulikuwa na mmea wa majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta.

"Kanipa mama mwenye nyumba, dada," aliniambia. "Mimi sikutaka. Nikianza kufuga maua si ndiyo nimekubali kubaki?"

Nikacheka, maana mmea wenyewe naujua. Ni Zamioculcas, ule ambao wauza maua wa mjini wanauita ZZ na kukuuzia kwa bei ya kukutoa jasho, ukidhani umetoka Ulaya. Wapi! Asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kwenda kusini. Waholanzi ndio walioanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, sasa unaturudia na bei ya mgeni. Chini ya udongo una viazi vinavyotunza maji, kwa hiyo giza na ukame haviutishi.

Kwa chumba kama kile, mwenzake ni Sansevieria, yale majani marefu kama panga yenye mabaka ya chatu. Lakini ua la Usambara, lile dogo la zambarau ambalo Mjerumani Saint Paul-Illaire alilituma kwao mwaka 1892, liache. Limezaliwa kwenye misitu yenye unyevu. Vumbi la Mpanda litalimaliza.

Sasa sikiliza. Kivuli si giza totoro. Kama saa sita mchana unaweza kusoma gazeti hili bila kuwasha taa, mwanga unatosha. Toboa kopo chini, changanya udongo na mchanga. Chomeka kidole: kama kuna unyevu, weka jagi chini. Wiki mbili au tatu bila maji si neno, maana mimea hii huuawa na huruma zaidi ya kiu. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Watoto wasiitafune, utomvu wa ZZ unawasha mdomo.

Mbegu? Omba kipande kwa jirani. Jani moja la ZZ ukilichomeka linaota, ila subira yake ni ya miezi. Usiende kung'oa kwenye Hifadhi ya Katavi, ni marufuku. Kule nenda ukaone viboko walivyosongamana kwenye matope ya mto Katuma. Nao wanasubiri Novemba!

Siku ya kuondoka nilichungulia uvunguni. Sanduku lilikuwa pale pale. Ila mdogo wangu alikuwa ameshachomeka majani matatu kwenye kopo la pili, na nilipomkumbusha kwamba yatachukua miezi kutoa hata kichipukizi, alinijibu bila kuinua kichwa: "Najua, dada."

Nawe uliyepangiwa mbali unayehesabu siku, omba kajani kwa jirani. Uhamisho ukija, kopo linabebeka. Usipokuja, angalau utakuwa na mwenzako chumbani.