Kumfuata Sungura Katika Kiangazi cha Bulyanhulu

Akina mama wengi wakisikia jina la Bulyanhulu hufikiria dhahabu tu. Si ajabu, maana dhahabu ndiyo iliyolitangaza jina hilo. Wachimbaji wadogo walifurika huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Lakini kabla ya dhahabu nchi hii ilikuwa ya wakulima na wafugaji. Hata leo, ukisogea kidogo kutoka kwenye uzio wa mgodi, utakuta majaruba ya mpunga, mashamba ya pamba, ng'ombe, na watoto wenye fimbo mabegani.

Ukitaka kuiona nchi hiyo, nenda mwezi wa Juni au Julai. Mvua zimekwisha tangu Aprili au Mei, mavuno yamo ghalani, na nyasi zimekauka rangi ya mkate. Asubuhi kuna baridi ya kumfanya mtoto ajikunyate ndani ya shuka, kwa kuwa mahali hapa pako juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari. Huu ndio msimu ambao zamani akina baba waliwaita mbwa wao, wakachukua marungu, na kwenda kutafuta sungura pamoja na watoto wao.

Mimi nilifika huko Julai ya mwaka jana kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa katika kijiji kimoja si mbali na Kakola. Kutoka Kahama mjini tulipita Segese na Bugarama, vumbi likituandama njia nzima. Nilipofika, mdogo wangu alinipokea mzigo, akanikaribisha kwa chai na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Tulipokwisha kula akaniambia, "Dada, umekuja wakati mzuri. Jumamosi baba yao anawatoa watoto kwenda ngitili pamoja na Mzee. Na sisi tutakwenda."

Kwa nini na sisi? Nilielewa jioni ile. Mtoto wao mkubwa wa kiume, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa ameanza kutoroka siku za Jumamosi kwenda mwaloni, mahali wanapooshea mawe ya dhahabu. Vijana wenzake walimwambia kwamba kubeba maji na kusukuma mkokoteni kunalipa. Alikuwa amerudi nyumbani na noti mfukoni, akamnunulia mama yake sukari. "Dada, sukari ile niliitazama nikashindwa kuipika chai," alisema mdogo wangu. Alijua kwamba mwaloni hutumika zebaki, ambayo huingia mwilini kwa mvuke wakati dhahabu inapochomwa na kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu, tena huwadhuru zaidi watoto na mama wajawazito. Alijua pia habari za maduara yanayofukia watu. Shemeji alikuwa amekwisha kumchapa mtoto mara moja, na haikusaidia.

Ngitili ni nini?

Siku ya Jumamosi tuliondoka kabla jua halijapanda. Mbele alikuwa Mzee, baba mkwe wa mdogo wangu, ambaye wajukuu humwita Guku. Nyuma yake shemeji, watoto wanne, na mbwa watatu wembamba wa kienyeji. Mimi na mdogo wangu tulifuata na kikapu cha chakula.

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha hulifungua kiangazi malisho yanapoadimika. Ni hekima ya zamani iliyokaribia kupotea. Miti mingi ya mkoa wa Shinyanga ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o, kisha mashamba na mifugo ikaongezeka, hata ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ukawahimiza wananchi warudie ngitili zao. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefunikwa tena na miti na nyasi. Miti iliporudi, kuni zilipatikana karibu, jambo ambalo kila mama aliyewahi kubeba mzigo wa kuni atalithamini. Ndege na wanyama wadogo nao walirudi, na miongoni mwao sungura.

Mafundisho ya Guku

Guku alitueleza jinsi walivyowinda alipokuwa kijana. Watu walijipanga mstari, mbwa wakatangulia kunusa, na watoto wakapiga kelele pembeni ili mnyama akimbilie upande wenye marungu. Aliyempiga kwanza alipata mguu wa nyuma, mwenye mbwa alipata sehemu yake, na kichwa kilikuwa cha wazee. Nyama ilikuwa ndogo, lakini mtoto alijifunza kunyamaza, kutazama, na kugawana. Usukumani uwindaji ulikuwa na vyama vyake, kama kile cha wawindaji wa nungunungu, Banunguli, ambao ngoma yao inajulikana hadi leo.

"Sasa hatupigi," alisema Guku. Ni kweli. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda bila leseni ni kosa, na nyama ya porini ikikutwa jikoni mwako bila kibali huhesabiwa kuwa nyara za serikali. Akina mama, tulijue hili, kwa sababu chungu ni chetu na atakayeulizwa kwanza ni sisi. Kwa hiyo siku ile mbwa walifungwa kamba, na kazi ya watoto ilikuwa kumtafuta sungura kwa macho.

Haikuwa kazi rahisi. Sungura wa porini hutembea usiku, na mchana hulala katika kishimo kidogo kwenye nyasi, masikio ameyalaza mgongoni. Guku aliwaonyesha watoto kinyesi chake cha duara, nyasi zilizokatwa kama kwa wembe, na nyayo zake mavumbini. Miguu mikubwa ya nyuma hutua mbele ya ile midogo ya mbele, hata asiyejua hudhani mnyama alikwenda upande mwingine. Kijana wetu wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa amenuna tangu nyumbani, ndiye aliyeligundua hilo kwanza. Aliinama, akafuata nyayo taratibu, akainua mkono kutuzuia. Ghafla sungura akachomoka karibu na mguu wake, mkia mweusi juu na mweupe chini, akakata kulia, akakata kushoto, akapanda mlima na kupotea. Mbwa karibu wang'oe kamba. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Guku akawaeleza watoto kwamba huyu si ndugu wa karibu wa sungura wa bandani. Sungura wa bandani huzaa baada ya siku kama 31, na watoto wake huzaliwa vipofu, bila manyoya. Huyu wa porini, ambaye wataalamu wamemwita kwa jina la Ziwa Victoria letu, huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, huwaacha nyasini wamejificha, kisha huwarudia kuwanyonyesha. "Hakai nao mchana kutwa," alisema Guku, "lakini anajua kila mmoja yuko wapi." Mdogo wangu alinitazama, wala hakusema kitu.

Wakati wa kurudi, shemeji na kijana walitembea nyuma yetu. Niliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, baba akiuliza habari za mwaloni na mtoto akijibu, bila fimbo na bila vitisho. Sitawadanganya kwamba siku moja ilimaliza jambo hilo. Lakini Jumamosi iliyofuata, mdogo wangu alinipigia simu kunieleza kwamba kijana alikuwa nyumbani akijenga banda la sungura, na baba yake akimshikia mbao.

Kwa mama atakayependa kujaribu

Sungura wa kufuga hahitaji eneo kubwa. Banda liinuliwe kutoka ardhini, liwe kavu na lisipigwe na upepo. Majani ya viazi na nyasi yanyaushwe kwanza, maana majani yenye umande humharisha. Nyama yake ni nyeupe na haina mafuta mengi. Ichemshe kwa chumvi na kitunguu mpaka ilainike, uikaange kidogo kwa nyanya, kisha umimine karanga zilizosagwa na kuiacha ichemke kwa moto mdogo. Kwa ugali wa mtama ni chakula cha kumkaribishia mgeni.

Ikiwa watoto wako hutembea na mbwa, hakikisha mbwa hao wamechanjwa dhidi ya kichaa tangu wanapofikisha miezi mitatu, na warudiwe kila mwaka. Mtoto akiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umpeleke hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Usingoje dalili, kwa sababu zikionekana ni nadra sana mtu kupona.

Na mnapotembea katika nchi ya dhahabu, msiwaache watoto watangulie vichakani. Maduara ya zamani hayana alama, na nyasi za kiangazi huficha midomo yake. Mtu mzima atangulie, na fimbo yake ipime njia.